Kamba ya Namba Nne

Kamba ilivutwa mara tatu wakati wachimbaji wote wakiwa juu, wanakunywa uji.

Mihayo Kadama alikuwa ameegemea winchi, kikombe mkononi. Duara lile, shimo la dhahabu lililo nje kidogo ya Katoro, waliliita Namba Nne ingawa Namba Tatu haikuwahi kuwapo. Mtu wa chini akivuta kamba mara mbili, maana yake kiroba cha mawe kiko tayari. Akivuta mara tatu, anataka kupandishwa yeye mwenyewe. Mihayo aliweka kikombe chini, akawatazama wenzake mmoja baada ya mwingine. Hakukosekana mtu. Hata hivyo alizungusha winchi, kwa kuwa mikono yake haikujua kufanya jingine, na kamba ikaja nyepesi mpaka mwisho. Kitanzi kilikuwa kitupu. Alipokigusa kilikuwa na joto, kama kitu kilichovuliwa mwilini mwa mtu sasa hivi.

"Unavua kambale, mzee?" aliuliza Davis, msimamizi wa duara.

Walicheka. Mihayo naye akacheka, akafuta kiganja kwenye suruali. Harufu ilibaki mkononi, harufu ya chuma kilicholala majini, na sabuni haikuitoa.

Kuanzia hapo kitu kile kilichovuta kamba kilimfuata. Alivutwa akiwa kwenye kiti cha kinyozi, akaondoka nusu ya kichwa haijanyolewa. Alivutwa kanisani, katikati ya mahubiri. Jumapili iliyofuata alikaa karibu na mlango, nyingine akasimama nje, na nyingine hakwenda kabisa. Kilianzia kwenye ncha za vidole kama ganzi, kikapanda mkononi hadi kifuani, na pale kikajifunga na kuvuta, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka pumzi ikamwishia, jasho likamtoka, moyo ukampiga kama mtu aliyefungiwa ndani anayegonga afunguliwe.

"Baba Limi, umeona nini?" Salome, mkewe, alinong'ona siku aliposukuma sahani ya ugali na kukimbilia uani.

"Sijaona kitu. Nimevutwa."

"Na nani?"

"Shusha sauti. Linasikia."

Salome hakuuliza tena, ila alianza kutembea kwa kunyata ndani ya nyumba yake mwenyewe. Binti yao Limi naye akajifunza kufunika sufuria bila kuigonga. Nyumba ikawa kimya, na katika kimya kile Mihayo alizidi kutega sikio.

Kazini alianza kupandisha watu ambao hawakuita. Sostenes, mdogo wake Salome, alipandishwa asubuhi moja hata sululu hajaikamata vizuri.

"Shemeji, kama umenikumbuka sana, sema nije kwako nile chakula!" alilalamika, matope usoni. "Sio kuning'oa kama muhogo!"

Wengine hawakutania. Mmoja alikataa kushuka iwapo Mihayo ndiye aliyeshika winchi. Davis akaagiza mganga kutoka upande wa Ushirombo.

Mzee Ngassa alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye koti safi. Alimwuliza Mihayo jina la babu yake, akainusa kamba, akakaa muda mrefu ametazama shimo.

"Lina mwenyewe," alisema. "Alikuwapo kabla yenu. Anampenda mtu anayejibu upesi."

"Nifanye nini, mzee?"

"Usijibu." Akamfunga kitambaa cheusi kwenye kifundo cha mkono. "Akivuta, kaa. Ukimjibu tena, amekuoa."

Siku chache zilikuwa za nafuu. Mihayo alivutwa, akatazama kitambaa, akakaa, na kile kitu kikapita.

Kisha ukaja mchana ambao wenzake walipeleka mawe kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, naye akabaki peke yake juu, Sostenes peke yake chini. Jua lilikuwa utosini. Kamba ikavutwa mara tatu.

Mihayo alikalia mikono yake. Kamba ikavutwa tena, kwa nguvu, na ile harufu ya chuma ikapanda kutoka shimoni, naye akafumba macho, akajiambia kwamba ni lile lile, kwamba Sostenes ameshuka sasa hivi na hawezi kuwa anataka kupanda, kwamba akifungua macho atajibu na akijibu amekwisha, na kamba ikavutwa mara ya tatu, dhaifu kuliko zile za kwanza, akafurahi moyoni kwamba dawa imekubali, linachoka, linamwachia, mpaka ukaja mtikisiko mdogo ambao haukuwa na maana yoyote, kisha pakawa kimya.

Kimya hicho ndicho kilichomfungua macho. Lile lililomfuata halikuwahi kuchoka hata siku moja.

Alizungusha winchi mpaka ngozi ya viganja ikachubuka. Sostenes alitokeza kichwa kimelala begani, kitanzi kimempita kwapani, midomo imekuwa rangi ya majivu. Hewa ya chini ilikuwa imechafuka.

Kwenye kituo cha afya walimwekea hewa ya mtungi, na jioni akafumbua macho. Mihayo hakuweza kuvuka kizingiti cha chumba. Alisimama ukutani, meno yakigongana, hadi muuguzi, jina lake Justina, alipomshika kifundo cha mkono kupima mapigo, akakutana na kitambaa.

"Mgonjwa ametulia," alisema. "Wewe ndiye unayetetemeka. Umeanza lini?"

Mihayo alimweleza yote kwa sauti ya chini. Hakuwa ameyasema yote kwa mtu yeyote, hata kwa Salome. Justina hakucheka.

"Jini sijaliona, siwezi kukubishia," alisema. "Lakini huu moyo naushika. Kuna ugonjwa wa wasiwasi. Mwili unapiga kelele ya hatari hata pasipo na hatari, na mtu anaanza kukimbia kila mahali alipoisikia. Kila anapokimbia, unazidi. Wapo wengi, baba. Tunawatibu hapa."

"Nusura nimuue kwa kutokujibu."

"Na kila siku ulijiua kwa kujibu. Acha yote mawili. Angalia kwanza. Kama hakuna hatari, baki hapo hapo mpaka hofu ishuke yenyewe. Na urudi kwangu kila wiki tuzungumze."

Alirudi kwake kila wiki. Alirudi kanisani, kwanza mlangoni, kisha ndani. Namba Nne alirudi kwa sababu Sostenes alimwambia Davis kwamba hashuki winchi ikishikwa na mwingine. "Yeye anajua sasa," alisema.

Mihayo akaweka utaratibu wake: kila anayeshuka huacha shati lake likining'inia kwenye msumari kando ya winchi. Kamba ikivutwa, anatazama misumari. Shati likiwapo, anapandisha, hata akiona hofu inamdanganya. Lisipokuwapo, mkono unabaki kwenye kamba, anavuta pumzi taratibu, anangoja. Mara nyingi hofu ilikuja. Mara zote ilishuka.

Siku moja ya mwezi wa mvua, wote walikuwa juu, wamejikinga chini ya turubai, misumari mitupu. Kamba ikavutwa mara tatu, na safari hii kila mtu aliiona ikikaza na kutikisa winchi.

Davis alirudi nyuma mpaka akakanyaga moto waliokuwa wakiota. Mihayo alihisi ganzi ikianza vidoleni, akatazama misumari, akaacha mkono pale pale kwenye kamba. Ganzi ilipanda, ikafika kifuani, ikajifunga.

"Shemeji, achia!" Sostenes alinong'ona, na kabla hajazuiwa akairukia kamba, akaikamata kwa mikono miwili.

Kamba ikalegea.

Kifuani mwa Mihayo palifunguka kitu. Alivuta pumzi ndefu, akanusa kiganja chake, akanusa jasho na katani tu. Akageuka kumwambia Sostenes kwamba kimekwisha.

Sostenes alikuwa ameshaiachia kamba. Alikuwa akifuta kiganja kwenye suruali, akifuta tena, macho yamemtoka, kifua kikipanda na kushuka mbio.

"Shemeji," alisema polepole, "ni nani ananivuta?"

Mihayo hakumwambia anyamaze. Alimkalisha chini palepale kwenye matope, akaketi ubavuni mwake, akamshika ule mkono.

"Mimi namjua," alisema kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Usikimbie. Nakaa na wewe."