Sindano ya Bibi Mkubwa Lian

Haya yalimkuta shangazi yangu Cailan, na shangazi hakuwa mtu wa kutunga maneno. Akikwambia mchuzi umezidi chumvi, ujue umezidi.

Alikuwa mtumishi wa Bibi Mkubwa kwa akina Lian, hapa hapa mji mkuu, Chang'an. Ukoo ule ulikwisha kutoa mawaziri wakuu, babu na baba, na sasa zamu ilikuwa ya Bwana Shouyi, mwana wa Bibi Mkubwa. Mji mzima ulikuwa ukingoja tu amri ya ikulu. Asubuhi moja ya baridi shangazi akapeleka uji wa mtama kama kawaida, akamkuta Bibi Mkubwa kalala ubavu, sindano mkononi. Amekufa.

Sasa, ofisa akifiwa na mzazi huvua joho la kazi siku ile ile. Huvaa nguo ya msiba, ya katani isiyokunjwa pindo, akakaa nyumbani kuomboleza miaka mitatu. Cheo anapewa mwingine.

Bwana Shouyi alilia, tena kwa uchungu, shangazi hakumnyima hilo. Kisha akafunga pazia la kitanda.

"Mama anaumwa," akanong'ona. "Hataki kuonana na mtu. Wewe endelea kuleta uji."

"Bwana, lakini Bibi Mkubwa ame..."

"Anaumwa, Cailan. Au unataka kulala barabarani?"

Shangazi akachukua bakuli, akatoka. Angekwenda wapi?

Chumba hakikuwashwa moto tena, na baridi ikamhifadhi marehemu. Shangazi alipeleka uji, akautoa umeganda, akawamwagia bata. Mpaka siku aliyokuta bakuli tupu. Akajiambia ni panya. Kesho yake lilikuwa tupu tena, tena limefutwa kwa kitambaa, kama Bibi Mkubwa alivyozoea kufanya.

Alasiri moja, jua likiwa bado dirishani, alikuwa anageuka kutoka. Pazia likatikisika. Mkono ukatokeza. Ulishika sindano.

"Nitungie uzi, Cailan. Macho yangu hayafai siku hizi."

Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka mingi. Vidole vikaifanya vyenyewe. Uzi ulikuwa wa katani.

"Unashona nini, Bibi Mkubwa?"

"Nguo ya mwanangu. Hana ya kuvaa."

Shangazi alitoka mbio akamweleza Bwana Shouyi. Alicheka. "Umechoka wewe. Bado kidogo tu, nikishaapishwa tutamzika kwa heshima zote."

Amri ikafika. Lian Shouyi, waziri mkuu. Akavishwa joho la zambarau, nyumba ikajaa wageni. Lakini mwana hatoki kwenda kazini bila kumuaga mama yake, na wageni wote walikuwa wanamtazama. Ikabidi aingie. Akafunga mlango nyuma yake.

"Mama, nakwenda kazini," wakamsikia akisema kwa sauti, ili wasikie.

"Simama wima, nikupime."

Wageni wakatabasamu. Kumbe bibi kapata nafuu. Shangazi peke yake hakutabasamu.

Bwana hakutoka. Wakangoja. Wakaita. Wakavunja mlango.

Bibi Mkubwa alikuwa kitandani, na aliyemwona hakuhitaji kuambiwa kwamba amekufa siku nyingi. Bwana Shouyi alikuwa amepiga magoti kando yake. Amevaa katani. Joho la zambarau halikuonekana, mpaka leo. Walipojaribu kumvua ile katani akalia kama mtoto, maana mshono ulikuwa umepita kwenye ngozi, shingoni na kwenye vifundo vya mikono. Shangazi aliutambua, umelalia kushoto. Hivyo ndivyo Bibi Mkubwa alivyoshona siku zote.

Bwana Shouyi alikaa na katani ile miaka mitatu, hakutamka neno. Siku muda wa msiba ulipotimia uzi ukakatika wenyewe, naye akakata roho. Akina Lian hawakutoa waziri tena.

Ile sindano shangazi aliikuta kwenye mkono wa nguo yake siku alipoondoka pale. Aliitupa mtoni, akaikuta dirishani. Alipofariki tulimzika nayo, nami mwenyewe niliitia jenezani.

Leo asubuhi iko hapa mezani kwangu, imetungwa uzi wa katani. Mwanangu yuko mbali, kwenye ofisi za serikali, na nguo ya katani hana. Na mimi tangu jana sisikii baridi, wala njaa, na kila ninayemsemesha humu ndani hanijibu.