Kikombe Kilichobaki Kikavu

"Tema mate hapa. Usimeze."

Ilikuwa siku ya soko Bomet, na kliniki moja ya meno ilikuwa imejaa watu hadi nje. Nelvine Chemutai, koti jeupe, rasta zimefungwa nyuma, alikuwa anaandikisha wagonjwa kwa utafiti wa ufizi, ukavu wa mdomo na kisukari. Aliyeshika kikombe alikuwa Joab Ogada, mwonjaji wa chai kiwandani, shati la samawati limepigwa pasi likanyooka.

"Daktari, mate imekataa," Joab akasema. "Nadhani umeyatisha."

"Mimi si daktari. Ni wa utafiti tu."

"Basi wa utafiti, nipe namba yako."

Nelvine akacheka. Sheria ilikuwa wazi: mtafiti hapendani na mgonjwa aliyeandikishwa. Akimtoboa kidole apime sukari, tayari amemwandikisha, na amempoteza. Wajameni, moyo ukishapenda haukosi kisingizio. Akachukua kile kikombe kikavu akakitupa kwenye pipa.

"Haufai kwa utafiti," alisema. "Haya, andika namba."

Wakapendana kweli. Jumapili walitembea kando ya mashamba ya chai, Nelvine na gauni lake la njano, Joab na mfuko wa shati umejaa peremende. Alizifyonza kutwa ili ulimi ulainike, maana mwonjaji mwenye ulimi mkavu hana kazi. Lakini kila Nelvine alipomsogezea uso, Joab aligeuka. Msichana wa watu akaumia, mwishowe akapiga simu.

"Joab, uko na mwanamke mwingine?"

"Hapana, mpenzi."

"Mbona basi unanificha mdomo? Na tukikaa kidogo unatoka nje. Unaendanga kumpigia nani?"

"Naendanga kukojoa, Nelvine. Nakunywa maji kama ng'ombe. Na mdomo unanuka, ufizi unatoka damu. Niliona aibu. Leo wamenitoa kwa kuonja, sisikii ladha ya chai tena."

Hizo ndizo dalili za kisukari alizowauliza wagonjwa kila asubuhi. Alikuwa amewauliza wote isipokuwa huyu wake.

Akapanda bodaboda hadi kiwandani, mashine ya sukari mkobani, akamtoboa kidole palepale getini. Ikasoma ishirini na saba.

"Hiyo ni mbaya?" Joab akauliza.

"Mbaya sana. Ningekupima ile siku ya kwanza. Nilikutoa kwa utafiti ndio nikupende."

"Ulijua mimi ni mgonjwa?"

"Sikujua. Sikutaka kujua."

"Ungeniambia tu," Joab akasema polepole. "Ningesema nipime kwanza. Mapenzi ingengoja."

Joab akaipanda bodaboda ile ile, akaenda kliniki peke yake.

Nelvine alipofika alimweleza Daktari Dorcus, mkuu wa kliniki, yote, akavua koti jeupe, akakaa kwenye benchi la jamaa za wagonjwa. Alijua kazi imeisha. Hakujua kama mapenzi nayo yameisha.

Dorcus akatoka na kalamu mkononi. Nyuma yake alikuwa Joab, pamba imejaa mdomoni.

"Leo analazwa hospitalini," daktari akasema. "Akirudi nyumbani anahitaji mtu wa kumwangalia chakula na sindano. Nelvine, wewe ni nani kwake?"

Nelvine akamtazama Joab. Jibu halikuwa lake tena.

Joab akatoa peremende zote mfukoni, akamwekea Nelvine mapajani. Kisha akaitoa ile pamba yenye damu.

"Andika ni bibi yangu," akasema. "Bado nimemkasirikia, lakini andika."