Samaki Ndani ya Seva

Kila asubuhi kabla ya kengele, Kidole alipita stoo ya shule kuitazama seva. Wenzake wa darasa la saba walimpa jina hilo kwa sababu msichana huyu hakuwahi kuona kitufe akakiacha. Seva ilikuwa kompyuta kuukuu yenye mfumo wa Linux, iliyobeba tovuti ya shule. Shangazi yake, mwalimu wa kompyuta, alikuwa amemwagiza jambo moja tu: ahakikishe taa yake inawaka.

Stoo ilitia kinyaa, jamani! Mende, vumbi, kibodi inayonata. Kidole alichefuliwa zaidi na skrini: nyeusi tii, maandishi meupe, basi.

"Mfyuu! Sura gani hii?"

Alhamisi akaingiza nywila aliyomchungulia shangazi akiiandika, akaiwekea eneo-kazi, yaani ile sura ya madirisha na picha za kubofya. Nyepesi zilikuwapo. Yeye akachagua nzito kuliko zote, yenye samaki wanaoogelea.

Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya kujaza fomu za kidato cha kwanza kwenye tovuti, mwisho saa sita mchana. Saa tano tovuti ikakwama. Rafiki mmoja wa Kidole alibofya na kubofya, machozi yakimlengalenga.

"Nani kaichezea seva?" shangazi aliuliza.

"Labda mende wameingia ndani, mwalimu," Kidole akajibu.

Shangazi akapiga magoti, akaifungua mashine, akaanza kupekua kwa mikono mitupu. Akatoa buibui wakavu na vumbi lililogandamana. Dakika ishirini zikapita. Kidole akajionea kinyaa mwenyewe.

"Acha, shangazi! Ni mimi. Nimeiwekea eneo-kazi la samaki."

"Samaki? Humu stoo watazamwe na nani? Kumbukumbu ya mashine hii ni ndogo, wameimaliza yote!"

Akaifunga mashine, akaiwasha, akaandika amri chache kwenye skrini nyeusi. Eneo-kazi likaondoka. Saa tano na nusu tovuti ikafunguka, na fomu zote zikajazwa.

"Seva haitaki urembo, inataka nafasi ya kufanya kazi," shangazi alisema akinawa mikono. "Kuweka samaki ni kosa tu, nitakufundisha. Lakini kuniacha nipekue uchafu kutafuta mende uliowatunga, huku wenzako wanalia? Hilo limenichefua. Ukiharibu, sema papo hapo."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Sasa nenda ukawaambie na wenzako."