Amri Iliyofungiwa Kabatini

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake, akaweka makaa kwenye pasi, kisha akamwamsha mdogo wake wa darasa la kwanza. Kumwamsha huyo kulikuwa vita. Jina la Chiriku alipewa na baba yake, kwa sababu mtoto huyu akianza kusema hana kituo. Baba na mama walikuwa wameachana mwaka uliopita. Baba, dereva wa greda katika idara ya barabara ya serikali, alihamia chumba cha kupanga, lakini ada ya shule na kodi ya nyumba hakuacha kuleta.

Wiki hiyo Chiriku hakuwa na maneno. Greda ilikuwa imeporomoka ukingoni mwa barabara, na baba yake alilazwa hospitali hajitambui. Asubuhi hiyo daktari alisema figo zimegoma, jamaa wajiandae. Mama aliweka mkasi chini, akafungua sanduku la nguo, akatoa karatasi ya mahakama.

"Huendi shule leo," alisema. "Twende kazini kwa baba yako. Kuna jambo lenu."

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Wafanyakazi wa idara ile walikuwa na bima ya maisha, yaani fedha zinazolipwa mfanyakazi akifariki. Siku ya talaka, hakimu aliamuru bima ya baba iwe ya watoto wake wawili. Mama alifurahi mno. Aliipeleka amri ile kwa mpiga fotokopi, ikafunikwa plastiki ngumu pande zote, isilowe wala isiliwe na mende. Kisha akaizika sandukuni, akaitunza kuliko gauni lake la harusi.

Karani wa mafao alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye miwani. Chiriku alimwamkia shikamoo, naye akaitikia bila kuinua macho kutoka kwenye ile amri aliyopewa na mama.

"Mama, hii haijawahi kufika hapa?" karani aliuliza.

"Mahakama ikishaamua, si imeamua?"

"Imeamua, lakini mahakama haituletei. Sisi humlipa aliyeandikwa kwenye fomu, mpaka amri itufikie. Na aliyeandikwa ni shemeji yako, kaka wa mgonjwa. Aliandikwa siku mwenzio alipoajiriwa, akiwa bado kijana hana mke wala mtoto, na fomu haikubadilishwa tena." Karani aligonga plastiki kwa ukucha. "Hii siwezi kuipokea. Muhuri wa mahakama lazima niupapase kwa kidole nijue si wa bandia. Kaombeni nakala nyingine iliyothibitishwa. Na unisamehe mama kwa neno hili, lakini lazima ifike mgonjwa akiwa hai. Akishatutoka, hata hakimu aje nayo mwenyewe, tumechelewa."

Mama alianza kuibandua plastiki palepale, kwa kucha, kisha kwa meno. Ikabanduka na maandishi yake.

Wakakimbilia mahakamani. Katika masijala, chumba cha kutunzia mafaili, kijana wa zamu aliwaonyesha kabati la chuma.

"Mafaili yote ya mwaka jana yamo humo. Ufunguo ulivunjikia ndani ya kitasa juzi. Tumeomba fundi, bado tunasubiri kibali cha fedha za kumlipa. Njooni wiki ijayo."

"Wiki ijayo nitakuwa nimeshazika," mama alisema.

Kijana aliinamisha kichwa. Hakuwa na roho mbaya, hakuwa na ufunguo tu.

Nje, mama aliketi kwenye ngazi akalia mbele za watu, jambo ambalo Chiriku hakuwahi kuliona. Cherehani ile ilitosha chakula, tena kwa shida. Bila fedha za baba, nyumba wangeihama na shule wangeiacha.

"Mama," alisema taratibu, "si baba mkubwa ni fundi makufuli?"

"Thubutu." Mama alimgeukia kwa ukali. "Huyo ndiye atakayelipwa, na madeni yamemfika shingoni. Fisi utampa bucha alinde? Akikuuliza, tulikwenda kutafuta dawa. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Hospitalini, baba mkubwa alikuwa kando ya kitanda akimlowesha mdogo wake midomo kwa pamba. Nesi alimwita mama pembeni. Baba mkubwa akamtazama Chiriku.

"Mlikuwa wapi tangu asubuhi? Mama yako amevimba macho."

Chiriku alifungua mdomo aseme "dawa", akaufunga. Mtu huyu alikuwa amelala sakafuni kwa ajili ya baba yake tangu siku ya ajali. Kumdanganya mbele ya kitanda kile kulimshinda.

"Nimekatazwa kukwambia," alisema, kisha akamwambia yote, amri, plastiki, kabati. Mdomo ulipokolea hakuliacha hata la fisi.

Baba mkubwa aliweka pamba chini.

"Kumbe tukikaa tu hapa tukimlilia, fedha zinakuja kwangu."

"Ndiyo, baba mkubwa."

Alisimama, akauvuta mfuko wake wa vifaa kutoka chini ya kitanda. "Leo mimi ni mtu mwema, mwanangu, kwa sababu namwona ndugu yangu anavyohangaika na pumzi. Fedha zile zikishaingia mkononi, sijui nitakuwa nani. Niitie mama yako, twende kabla sijakaa tena."

Wakaondoka wawili, Chiriku akabaki. Aliushika mkono wa baba yake uliokuwa na moto wa homa. Pumzi ilikuwa ikija, ikikawia, ikija tena.

"Baba, subiri," alinong'ona. "Usiende kwanza, karatasi bado haijafika."

Akajisikia akisema hivyo, akaona aibu iliyomchoma kifua. Baba anakufa, naye anamwomba asubiri karatasi. Akalia, na katika kulia akaanza kumsimulia habari za darasani, za mdogo wake anayelala na viatu, za chochote kilichokuja mdomoni, maana kila aliponyamaza pumzi ile ilimtisha zaidi. Alisema mpaka sauti ikakauka. Jua lilikuwa limeshafika dirisha la upande wa pili mama alipotokea mlangoni, hana kiatu kimoja.

"Imepokelewa," alisema.

Baba alifariki kesho yake asubuhi, wote wakiwa naye.

Baada ya maziko, mama alimpelekea shemeji yake chai kwa mikono miwili. "Shemeji, mimi nilikuita fisi."

"Nimeambiwa," alijibu, akatabasamu kidogo. "Wala hukukosea sana. Mkono wangu ulisita pale kwenye kabati. Kile kitasa kilikuwa chepesi. Ningesema kimenishinda, nani angejua?" Akamgeukia Chiriku. "Ila wewe ulishaniambia ukweli uso kwa uso. Ungenificha, ningezipokea fedha zenu bila kujua, nikala nikashiba, nikamshukuru marehemu. Ungenifanya mwizi nami nimekaa tu kwenye kiti. Mwambie mtu ukweli hata ukimwogopa, umpe nafasi ya kutenda haki. Na haki mkishaipata msiifungie sandukuni, ifikisheni mahali pake mapema. Marehemu aliwapenda, lakini fomu yake haikujua hilo."

Mama aliitikia kwa kichwa, machozi yakimdondoka.

"Na madeni yako, baba mkubwa?" Chiriku aliuliza.

"Yako palepale," alijibu. Akamaliza chai yake, akabeba mfuko wa vifaa, akaenda kazini.