Njia ya Kwenda kwa Mbodze

Kila asubuhi Mbodze alikuwa na swali moja. Aliliuliza hata kabla ya chai.

"Sidi, leo naenda kwangu?"

Sidi alikuwa amekaa chini, anamenya mihogo. Jioni angeikaanga na kuiuza ufukweni Mama Ngina, kwa pilipili na ndimu.

"Bado, mama," alijibu.

"Bado nini? Mguu umeshapona."

Ni kweli, ulikuwa umepona. Daktari mwenyewe alisema hivyo. Mfupa wa nyonga umeshika, alisema, na mama anaweza kurudi nyumbani. Lakini arudi kwa gari, tena polepole. Pikipiki asipande kabisa. Akianguka mara ya pili, huenda asitembee tena maisha yake yote.

Hapo ndipo penye shida. Nyumbani kwa Mbodze ni Vidungeni, kijiji kilicho ng'ambo ya kivuko cha Feri. Na gari lilikuwa haliendi Vidungeni.

Kwa hiyo Mbodze alikaa ghorofani, katika chumba cha kupanga cha binti yake, nyuma ya mtaa wa Ndia Kuu, Mombasa. Ngazi za nyumba hiyo ni kali na zina giza. Hawezi kuzishuka bila kushikwa huku na huku. Dirishani anaona ukuta wa jirani, basi. Kwake ana kiwanja kipana. Ana kuku, ana minazi, ana kaburi la mumewe ambalo hulipalilia kwa mkono wake.

"Kaburi la baba yako limeota majani sasa," alisema asubuhi ile. "Watu watasema hana mke."

Sidi alikata muhogo kwa hasira mpaka kisu kikagonga sakafu.

Si kwamba Vidungeni haina njia. Inayo, na ni ya tangu zamani. Zamani serikali iliitunza. Kila mwaka greda lilipita, likachonga, mitaro ikazibuliwa. Kisha ikajengwa barabara ya lami, mbali, upande wa pili wa kilima. Watu wakashangilia. Hawakujua kwamba siku lami ilipofika kule, njia yao huku iliachwa. Hakuna aliyewaambia. Greda halikuja mwaka ule, halikuja mwaka uliofuata, na mwisho watu wakasahau hata mlio wake.

Njia iliachwa, lakini haikufungwa. Na watu hawakuhama. Watoto walipita humo kwenda shule. Wagonjwa walipita humo. Na malori ya mawe nayo yalipita, makubwa, yamejaa mpaka juu, kwa sababu yalipata njia ya mkato kutoka machimboni. Yalipasua, yalichimba, yakaenda zao.

Wanakijiji walichoka. Siku moja waliangusha gogo katikati ya njia ili malori yasipite. Kesho yake chifu alikuja na askari.

"Hii ni njia ya umma," aliwaambia. "Kuifunga ni kosa. Toeni gogo."

Wakalitoa. Malori yakarudi siku ile ile.

Sidi alipoisikia habari hiyo, alikosa usingizi. Njia ni ya umma ikiwa inaharibiwa. Ikitaka kutengenezwa, haina mwenyewe. Haya ni maneno ya watu wazima kweli?

Ndipo mumewe, Kingi, alipoamua kufanya jambo. Kingi ni mwashi. Kazi yake ni kutengeneza nyumba za kale za Mji wa Kale. Wakati ule alikuwa anabomoa ukuta mbovu, na mwenye nyumba alitaka kifusi kiondoke upesi. Kilikuwa kifusi kingi, mawe ya matumbawe na chokaa ya zamani. Kingi akaona bahati imemwangukia. Akapata lori, akakivusha Feri mpaka Vidungeni.

Watu wa Vidungeni walifurahi mno. Walijaza mashimo yote. Kifusi kikabaki.

"Tukitie mtaroni," Kingi akawaambia. "Huu mtaro ndio unaoila njia. Kila mwaka unazidi kupanuka."

Wakaujaza mtaro, wakashindilia. Njia ikawa bapa kama mkeka. Wakampongeza Kingi, naye akarudi mjini kifua mbele.

Mvua za masika zikaja. Baada ya siku chache za mvua, Mbodze alipanda pikipiki kwenda sokoni. Katika mteremko, pikipiki iliteleza. Yule kijana dereva alichubuka kiwiko. Mbodze alivunjika nyonga.

Majirani walimbeba kwa kitanda mpaka kwenye lami, mvua ikiwanyeshea. Ndivyo alivyofika hospitali Mombasa. Na ndivyo alivyofika katika chumba kile, akitazama ukuta.

Chini ya nyumba hiyo hiyo anaishi mzee Barnabas. Ni mtu wa bara, alikuja Mombasa kijana, akafanya kazi ya reli mpaka akastaafu. Alikuwa msimamizi wa genge la kutunza njia ya gari moshi. Jioni moja alipanda kumjulia hali Mbodze. Alimkuta Kingi amerudi kutoka kazini, na Sidi anafunga mihogo yake kwenye beseni.

"Mama, hujambo?" Barnabas alisema.

"Sijambo, baba. Lakini nimechoka na ukuta huu."

Sidi akamweleza habari yote. Alipofika kwenye kifusi, Barnabas aliinua mkono.

"Ngoja, mwanangu. Mtaro mliujaza?"

"Tuliujaza," Kingi alijibu. "Ulikuwa unaila njia."

Barnabas akauliza, "Kingi, wewe ukijenga paa bapa hapa mjini, unaliacha bapa kabisa?"

"Siwezi. Lazima niliinamishe kidogo. Na lazima liwe na tundu la kutoa maji."

"Kwa nini?"

"Maji yakikaa juu yataingia. Nyumba itaoza."

"Na ukiliziba lile tundu?"

Kingi akaukumbuka mtaro wa Vidungeni.

"Njia ni hivyo hivyo," Barnabas alisema taratibu. "Katikati iwe juu, kandokando iwe chini, ili maji yashuke. Yakishuka, mtaro uyapokee. Mahali pa bonde pawe na kalvati, bomba kubwa chini ya njia, yapite humo. Sisi relini hatukumaliza mwezi bila kuzibua mitaro. Lori linaharibu njia, sikatai. Lakini lori likipita kwenye njia kavu, njia inavumilia. Likipita kwenye njia iliyolowa, linaipasua. Ninyi mliyanyima maji njia yake. Yakachukua ya watu. Na ile chokaa ya zamani ikilowa inakuwa uji."

Sidi alimtazama mumewe. Kingi alimtazama mama mkwe wake, akainamisha kichwa.

"Mama," alisema, "basi mimi ndimi niliyekuvunja."

Sidi alishikwa na hasira. Miezi yote ile alikuwa anailaani mvua. Kumbe ni kifusi cha mumewe. Alitaka kusema neno kali, na neno lenyewe lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini Mbodze alimtangulia.

"Wewe ulijaribu," alimwambia Kingi. "Umekosea, ndiyo, na nyonga yangu inajua. Lakini nikuulize. Hivi njia ya umma imekuwaje mpaka inategemea kifusi cha mwashi? Wenye kazi yao wako wapi?"

Hasira ya Sidi ikageuka, ikaelekea mahali pake.

"Lakini sasa serikali inasema njia imeachwa," alimwambia Barnabas. "Tutafanya nini?"

"Kuachwa ni kuachwa kutengenezwa," Barnabas alijibu. "Haikugeuka shamba la mtu. Chifu alisema kweli, bado ni ya umma, hamwezi kuifunga. Lakini kwa sababu ni ya umma, mna haki ya kuuliza. Nani aliamua iachwe? Aliwauliza lini ninyi mnaoishi kandokando yake? Ombeni irudishwe kwenye matengenezo."

"Tuulize wapi? Chifu ametuchoka."

"Kila mwaka kaunti hupanga bajeti yake. Kabla haijapita, lazima wananchi waitwe watoe maoni. Ni Katiba, si hisani ya mtu. Vikao hivyo hutangazwa. Mmewahi kwenda?"

Sidi na Kingi wakatazamana. Hawakuwahi. Walidhani vikao vile ni vya wakubwa, na vya watu wanaofuata soda.

"Basi nendeni," Barnabas alisema. "Na msiende kulia tu. Mkilia watawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mrudi nyumbani mikono mitupu. Nendeni na picha. Semeni mahali hasa palipoharibika. Semeni mnataka nini, mitaro, kalvati, na malori ya mawe yazuiwe. Na nendeni wengi."

Watu wa Vidungeni wanaofanya kazi kisiwani Mombasa hukutana Jumapili jioni Mama Ngina, karibu na meza ya Sidi. Hupeana habari za nyumbani, hula mihogo, na kukiwa na msiba huchanga. Jumapili ile Sidi aliweka mwiko chini, akawaambia waziwazi.

"Tunachanga kila mtu akifa," alisema. "Safari hii twendeni kikaoni kabla ya mtu kufa."

Wengine walicheka. Mmoja alisema serikali haisikii. Sidi akamwambia kwamba haijawahi kusikia kwa sababu wao hawajawahi kwenda kuisemesha, na kama anaogopa basi abaki akinunua mihogo. Yule mtu akasema atakwenda.

Siku ya kikao walivuka Feri alfajiri, wakaungana na wenzao wa kijijini. Ukumbi ulijaa. Afisa aliyeongoza kikao aliitwa Emmah. Aliongea vizuri, kwa upole, na Sidi akauogopa upole wake.

Zamu yake ilipofika, Sidi alisimama. Akapiga moyo konde.

"Mimi ni Sidi wa Vidungeni. Nauliza habari ya njia yetu ya zamani."

"Njia hiyo iliondolewa kwenye matengenezo," Emmah alijibu. "Sasa mna barabara ya lami."

"Lami iko nyuma ya kilima. Mama yangu alibebwa kwa kitanda kwenda kuifikia, mvua inanyesha, mfupa umevunjika. Nyumba zilizoko kwenye njia ile hazikuondolewa. Shule haikuondolewa. Tulipoifunga mlituletea askari, mkasema ni ya umma. Tukakubali, tukaifungua. Sasa nami nasema ni ya umma. Kama ni ya umma kwa malori, iwe ya umma kwa greda pia. Haiwezi kuwa yenu siku ya kutukataza na yetu siku ya kuitengeneza."

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Emmah hakutabasamu tena. Alitaka kuona picha. Sidi akampa simu, naye akatazama moja baada ya nyingine, mteremko, bonde, mtaro uliojaa chokaa.

"Nani alijaza mtaro?" aliuliza.

Kingi alisimama nyuma kabisa. "Ni mimi. Sikujua. Sasa najua, na niko tayari kuuzibua. Lakini kalvati siwezi kuijenga kwa koleo, wala malori siwezi kuyazuia. Hiyo ni kazi yenu."

Haikufanyika upesi. Msidanganywe kwamba ilifanyika upesi. Walirudi kuuliza tena, wakaambiwa wangoje. Wakarudi tena, wengi zaidi. Mwishowe Emmah alikwenda Vidungeni mwenyewe. Gari lake likakwama kwenye mteremko ule ule alipoangukia Mbodze, akamalizia kwa miguu, viatu mkononi. Hakuna aliyemcheka, ingawa walitamani sana.

Bajeti ilipopita, njia ilikuwamo. Greda lilikuja. Lilichonga katikati ikawa juu na kando ikawa chini. Bondeni wakaweka kalvati. Kule kwenye kuingilia, wakasimamisha nguzo mbili na chuma kilicholazwa juu yake. Gari dogo hupita chini yake, gari la wagonjwa hupita, lori la mawe halipiti. Nao watu wa Vidungeni walikubaliana kwamba kila mwaka kabla ya masika watazibua mitaro. Kingi aliomba awe kiongozi wa kazi hiyo. Kifusi chake alikitoa mwenyewe, koleo kwa koleo.

Wakangoja masika yapite, waone. Maji yalishuka, yakaingia mtaroni, yakapita ndani ya kalvati. Njia ikabaki.

Ndipo Kingi na Barnabas walipomshusha Mbodze ngazi zile, mmoja mbele, mmoja nyuma. Walimkalisha kwenye gari la kukodi, kiti cha mbele. Wakavuka Feri. Walipoiacha lami na kushika njia ya zamani, Mbodze alishika mlango kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akajishika nyonga. Alifumba macho. Sidi, aliyekaa nyuma, alimwona midomo ikitembea, anaomba.

Gari likaenda. Baada ya muda Mbodze alifumbua macho.

"Mbona hatujafika pale nilipoangukia?"

"Tumeshapapita, mama."

Mbodze aligeuka kutazama nyuma. Alitazama kwa muda mrefu. Sidi alidhani atafurahi. Lakini uso wa mama ulikuwa umekunjamana.

"Basi iliwezekana," alisema. "Siku zote hizi, iliwezekana."

Walipofika kwake, alishuka polepole na fimbo yake. Hakwenda kwanza kwa kuku, wala kwa majirani waliokuwa wanamngoja. Alikwenda kwenye kaburi la mumewe, akaketi kando yake, akaanza kung'oa majani. Sidi alikaa naye, wakayang'oa pamoja.

"Huo mtaro," Mbodze alisema, bila kuinua kichwa, "masika yajayo nani atauzibua?"

"Kingi na wenzake, mama."

"Na kalvati ikiziba?"

"Tutawauliza watu wa kaunti."

"Waulizeni mapema," Mbodze alisema, akitupa majani kando. "Msingoje nivunjike mguu wa pili."