Niliongea Jeshini Kama Niko Sengu

Nina miaka sitini na nne, naishi Mbamba Bay, nashona nyavu za watu. Zamani nilikuwa kapteni wa jeshi. Nikisema hivyo siku hizi watu wanacheka...

Kwetu Wamatengo, kule milimani Mbinga, kuna sengu. Wanaume wa ukoo mnakula pamoja kwa mzee, kila mke ameleta chungu chake, na mkishashiba mambo yanasemwa. Hata mzee unamwambia amekosea. Hakuna anayekununia na neno halitoki nje. Mkubwa wa sengu yetu alikuwa baba yangu.

Enzi za ruksa, mitumba imeanza kujaa sokoni, mimi nilikuwa nchi ya jirani na kikosi changu. Tulikwenda kuwasaidia vitani. Vita ikaisha, tukabaki. Tukaweka vizuizi, tukawa tunapekua akina mama wanaotoka kuchota maji. Kisima chao, nchi yao! Roho iliniuma sana.

Siku moja kamanda alitukusanya maofisa, tukala sinia moja. Akasema tutoe ya moyoni, sisi ni familia. Mjinga mimi, nikaamini. Nikasimama nikasema tumegeuka wakoloni, turudi kwetu. Wakanyamaza... Nikadhani wanatafakari kama wazee wa nyumbani.

Asubuhi yake nilikamatwa. Shahidi alikuwa Luteni Deo, rafiki yangu tangu shule, Mmatengo mwenzangu, aliyewahi kula sengu kwa baba yangu tukiwa likizo. Alisema nawachochea askari kuasi. Nilimtazama, akainamia viatu vyake. Nikavuliwa cheo, nikafungwa miaka miwili. Siku ya kutoka nikasainishwa kwamba sitasema popote sababu ya kufukuzwa.

Nyumbani nilikuta maneno yamenitangulia, kwamba kapteni ameiba mali ya jeshi. Sengu ya kwanza, baba alingoja tumalize kula. Akasema, "Haya mwanangu, tuambie wewe mwenyewe."

Niliwatazama ndugu zangu mmoja mmoja, kila uso nikauona ni wa Deo. Baba aliuliza mara tatu. Mara zote nilitazama chungu. Mwishoni akanawa mikono, akaingia ndani, na hakuniuliza tena.

Aibu ikanishusha huku ziwani. Mwaka uliofuata baba alifariki, akijua amezaa mwizi.

Wasomaji wenzangu, mnadhani najuta kusema mbele ya kamanda? Hapana, lile ningelisema tena. Ninachojuta ni kile chungu nilichokitazama. Sinia la kambini lilinifanya niogope chungu cha nyumbani, na hilo ndilo kosa langu.

Juzi nilipanda gari hadi juu Mbinga, nikakaa kaburini, nikamweleza baba yote tangu mwanzo. Nani wa kunijibu?

Wewe ambaye baba yako bado anakungoja useme, nakusihi, mwambie wakati angali anasikia.