Punje Tisa za Njano

Kila asubuhi, kabla ya kushika njia ya shule, Niyigena alipita nyuma ya nyumba kuyaangalia mahindi yake. Bibi yake, Mukandutiye, alimtania kwamba mahindi hayajibu salamu. Niyigena hakujali. Shamba lile dogo la Rugerero lilikuwa jaribio lake la sayansi pamoja na rafiki yake Saidati, na jaribio bora la darasa lingepelekwa kwenye maonyesho mjini Gisenyi. Aliyataka maonyesho hayo kuliko alivyotaka viatu vipya, na vile alivyokuwa navyo vilikuwa vimeshaanza kucheka kwa mbele.

Mwalimu wao Mbonigaba, ambaye alikulia Tanzania, alikuwa amewafundisha jinsi spishi mpya zinavyotokea. Kundi moja la viumbe likigawanyika, na pande mbili zikaacha kuzaliana, kila upande hubadilika kivyake kizazi baada ya kizazi. Baada ya muda mrefu mno, hata pande hizo zikikutana tena, haziwezi kuzaana. Wanafunzi walidhani ni lazima mlima au ziwa lizitenganishe. Mwalimu akasema wakati nao hutenganisha. Mimea miwili inaweza kusimama bega kwa bega, lakini mmoja ukichanua mapema na mwingine ukichelewa, chavua zao hazikutani.

Basi wasichana walipanda mahindi ya njano katikati ya shamba. Upande wa kushoto walipanda meupe siku ileile, na upande wa kulia wakapanda meupe mwezi mmoja baadaye. Kama mambo yangekwenda walivyotarajia, meupe ya kushoto yangepata chavua ya njano na kutoa punje za njano, na ya kulia yasingekuwa na hata moja.

Siku ya kumenya, Saidati aliyakagua mahindi asubuhi, kisha akaitwa nyumbani mjini kumsaidia mama yake kushona. Niyigena akamenya peke yake. Mahindi ya kushoto yalikuwa na madoa ya njano, akafurahi. Akachukua hindi kubwa kuliko yote la upande wa kulia, akavua maganda, na furaha ikamtoka. Kati ya punje nyeupe kulikuwa na punje tisa za njano. Akazihesabu tena, zikabaki tisa. Alitazama huku na huku, akazing'oa moja moja kwa ukucha na kuwarushia kuku. Kuku hawana maswali.

Kesho yake darasani mwalimu aliligeuzageuza hindi lile na kuuliza kuhusu mapengo yake. Niyigena akajibu kwamba ni ndege. Mwalimu aliliweka mezani, kisha akatangaza kwamba jaribio lao ndilo litakalokwenda mjini Ijumaa. Darasa zima lilipiga makofi, isipokuwa Saidati. Walipotoka nje alimvuta rafiki yake pembeni.

"We Niyigena, jana mi niliona maganda yote imefungwa," alisema. "Ile ndege ilipitia wapi?"

Niyigena akasema hajui. Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulikuwa mzito kuliko wa kwanza.

Jioni, akimsaidia bibi kuchambua maharage, alishindwa kujizuia. Aliuliza punje za njano zinawezaje kuingia upande uliochelewa kuchanua. Bibi hakuona ajabu yoyote.

"Mi ndiye nilirudisha mbegu," alisema. "Mu ile mustari ya njano, mbegu ingine haikuota. Kisha mwezi moja ikapita, nikaona nafasi iko wazi, nikapanda ingine ya njano. Mulimaji hawezi kuacha udongo bure."

Niyigena akaelewa, na aibu ikampanda. Ile mimea michache ya bibi, aliyodhani imechelewa tu kuota, ilikuwa imechanua wakati mmoja na meupe ya kulia. Punje tisa hazikuwa kosa, zilikuwa ushahidi, naye aliwalisha kuku ushahidi wake. Alijua pia kwamba akisema, huenda safari ya mjini ikamponyoka. Alikula viazi vyake bila kusikia ladha.

Asubuhi alimweleza Saidati yote, kisha wakaenda pamoja kwa mwalimu. Mbonigaba alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Aliuliza kama kuna mahindi ya upande wa kulia ambayo hayajamenywa. Yalikuwepo manne, yakining'inia na maganda yake chini ya paa. Akaagiza yaletwe hivyo hivyo, yakamenywa mbele ya darasa zima. Mawili yalikuwa na punje za njano, na kila mtu akazihesabu.

"Ulidhani punje zile zinaharibu jibu lako," mwalimu alisema, "kumbe ndizo jibu lenyewe. Maadamu mimea michache inachanua pamoja, mahindi haya yataendelea kuchanganyika na kubaki spishi moja. Yangeacha kabisa kukutana, kwa miaka mingi mno, ndipo ingewezekana yawe spishi mbili tofauti. Mtafuta ukweli hachagui aonyeshe upi na afiche upi. Njia ya mwongo ni fupi, Niyigena. Yako iliishia kwenye swali la Saidati."

Aliwaruhusu kwenda mjini, kwa sharti moja: hindi lenye mapengo liwekwe mezani pamoja na mengine.

Ijumaa, mgeni wa kwanza kufika mezani kwao alikuwa mama mmoja mtaalamu wa kilimo. Aliyapita mahindi yote mazuri na kuokota lile lenye mapengo. Akauliza ni mdudu gani aliyelila. Saidati akainamisha macho.

"Si mdudu," Niyigena alisema. "Ni mimi. Zilikuwa punje tisa za njano. Nilizing'oa kwa sababu sikutaka kuonekana nimekosea."

Mama yule aliliweka hindi mezani. Kisha akavuta kiti, akakaa, akafungua daftari lake.

"Basi nieleze jaribio lenu tangu mwanzo, mwanangu," alisema. "Kwa kuwa umeniambia hilo, haya mengine nitayaamini."